Aliyesogeza Kiti cha Dereva

Mimi nina wivu. Nalisema mapema, asije mtu akanitafutia jina jingine zuri zaidi tukiwa katikati ya njia. Kanga husema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Nimeushiriki tangu nilipokuwa msichana Bukavu, kule Kongo, na wanaonijua hapa kambi ya Dzaleka, Malawi, watakuambia sijakonda hata kidogo.

Wivu wangu wa kwanza katika ndoa haukuwa wa mwanamke. Ulikuwa wa gari. Mume wangu alilipata likiwa limeshazeeka, gari dogo la Kijapani, rangi ya fedha, gia za mkono, lenye maandishi ya Kijapani kwenye kioo ambayo hakuna aliyewahi kutusomea. Ujanani alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja Bukavu. Kisha ikaja vita, ikaja safari, ikaja kambi, naye akatembea kwa miguu miaka mingi kama sisi wote. Siku aliposhika usukani tena niliona uso ambao sikuwa nimeuona tangu harusi yetu, na hakuwa ananitazama mimi.

Kila asubuhi, kabla hajanisalimia, alifungua boneti akaangalia maji ya rejeta. Akachomoa kile kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiinua juu kwenye mwanga. Vitambaa hivyo alivitoa kwenye mabaki ya ushonaji wangu, na alichagua vile laini. Halafu alilipiga gari kofi dogo mgongoni na kusema, “Haya, mama, twende.” Mama ndilo jina analoniita mimi.

Nilifanya ambalo mwanamke hufanya akiletewa mwenzake nyumbani na hana pa kumfukuzia: nilimchunguza. Nilijifunza oili nzuri ina rangi gani na mbaya ina rangi gani. Nilijua kwamba nguzo za betri huota unga mweupe, na kwamba maji ya moto yenye magadi huuondoa. Nilijua gurudumu la nyuma la kushoto hupungua upepo kila wiki, nikawa nawaita watu wa kabaza, wale wabeba abiria kwa baiskeli, wanikopeshe pampu zao za baiskeli. Yote hayo niliyapata kwa kutazama tu, maana hakunifundisha. Siku moja nilimwomba anifundishe kuendesha. Akaniambia miguu yangu ni ya cherehani, na petroli si ya kuchezea. La petroli lilikuwa kweli. Siku hizo alikuwa akienda Lilongwe kupanga foleni tangu alfajiri, na mara nyingine anarudi na tangi lile lile alilokwenda nalo. Basi nikawa mtu anayejua kila kitu cha gari isipokuwa kuliendesha.

Hata kiti cha mbele hakikuwa changu. Jumapili alikaa mchungaji. Siku za kliniki alikaa mama mjamzito wa jirani. Ikiwa kuna kilio Mponela, alikaa mzee wa wafiwa. Mimi nilikaa nyuma na mzigo wa vitambaa mapajani, nikitazama kisogo cha mume wangu na cha mtu mwingine.

Sasa, Ijumaa moja asubuhi niliingia kwenye kiti cha dereva kufuta vumbi la dashibodi, na magoti yangu yakagonga usukani. Mume wangu ni mrefu. Kiti chake husukumwa nyuma mpaka mwisho, na mimi nikikaa pale miguu yangu hufikia klachi kwa taabu. Siku hiyo kiti kilikuwa mbele, na mbele sana. Fundi wa nguo hawezi kuona jambo kama hilo akaliacha hivi hivi. Nilivua tepu shingoni nikapima kutoka mgongo wa kiti hadi kwenye klachi. Aliyekaa pale alikuwa na mguu mfupi kuliko wangu, na mimi sina urefu wa kujivunia.

Nilimuuliza. Alijibu bila kusita kwamba spana ilimwangukia chini ya kiti, ndipo akakivuta mbele kuitafuta. Spana huanguka, ni kweli.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalizidi kukusanyika. Alhamisi jioni alirudi na gari likinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Hiyo ni harufu ya klachi inayoungua. Dereva wa miaka mingi haunguzi klachi kwenye barabara ya kila siku. Alhamisi iliyofuata, tena. Kisha nikaona mikwaruzo ya miiba kwenye mlango wa dereva, na hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Malawi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo vichaka vya njia za vumbi hukwaruza ubavu wa kushoto, ule wa abiria. Ubavu huo wa gari letu umechoka zamani. Dereva hukaa kulia, mbali na miiba. Mlango wake ulikuwa bado una rangi. Sasa ulikuwa na mistari kuanzia kioo hadi kitasa, na sikuweza kufikiria ni njia gani ya kawaida ingeuchora hivyo. Nilifikiria gari limefichwa kichakani. Nilifikiria ni nani wanaoficha gari kichakani mchana.

Aliyenisikiliza siku hizo alikuwa mdogo wangu. Ni ndugu wa pekee niliyebaki naye. Tulipotoka Bukavu alikuwa bado mtoto, nami nilimshika kwa upindo wa gauni njia nzima ili asipotee, mpaka upindo ukachanika. Alipokua alikwenda Lilongwe akafungua duka dogo Area 36, akauza vipodozi na nywele za kusuka. Wakimbizi walipoambiwa watoke mjini na kurudi kambini, alirudi, na tangu hapo tulishona pamoja, cherehani mbili chini ya bati moja. Hakuolewa. Kadi yake aliiandikisha peke yake alipotimiza umri, kwa hiyo kwenye karatasi za kambi yeye alikuwa familia yake na mimi yangu.

Nilimweleza yote, kiti, harufu, mikwaruzo. Aliendelea kukanyaga cherehani yake. Alisema labda springi ya kiti imechoka, kinateleza chenyewe. Nikamwambia springi haichagui Alhamisi.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa mjane mmoja wa Kirundi anayeuza usipa mkavu karibu na kanisa letu. Ni mfupi, ni mcheshi, na mume wangu hununua samaki kwake hata siku ambazo nimeshapika maharage. Nilimwita nikamwambia nataka kumshonea sketi ya zawadi, kwa kuwa anaimba vizuri kwaya. Maskini alifurahi, akasimama wima kama askari. Nilipima kiuno na nyonga kwa adabu, halafu nikapiga magoti nikapima mguu, nje na ndani, mara mbili. Aliniuliza kwa upole kama sketi hupimwa hivyo. Nikamwambia ni mtindo mpya. Mguu wake ulikuwa mrefu kuliko ulivyoonekana. Alikuwa mfupi wa kiwiliwili. Hakuwa yeye, na nilibaki na deni la sketi. Mdogo wangu alicheka mpaka uzi ukamkatikia, nami nikacheka pia, ingawa moyoni nilikuwa nimeshaanza kutazama miguu ya wanawake wengine barabarani.

Mwishowe klachi ilikataa. Gari likawa linapiga kelele lakini haliendi, na tulilazimika kulipeleka Lilongwe polepole, kwa fundi mmoja Area 36 anayefanyia kazi nyuma ya soko. Nilisema nakwenda kununua zipu. Mume wangu alinitazama, akasema sawa. Fundi alishusha gia boksi, akatoa sahani ya klachi, nyeusi, imechakaa kuliko umri wake, akaigeuza mkononi na kumuuliza mume wangu kwa Kichewa ni nani anayejifunza kuendesha. Mume wangu alijibu kwamba barabara za huku kwetu wilaya ya Dowa ni mbaya, akabadilisha mazungumzo haraka. Alidhani Kichewa changu kinaishia sokoni. Kwa kweli kinaishia sokoni, lakini neno la kujifunza watoto wangu wamelileta nyumbani kutoka shuleni kila siku.

Kurudi tulikuwa wawili tu na kiti cha mbele kilikuwa changu. Sikukifurahia. Kutoka Lilongwe mpaka tunaiacha barabara kuu nilitazama mkono wake juu ya gia na kuwaza mkono gani mwingine umewekwa pale, na yeye ameuelekeza kwa mkono wake. Kama angekuwa na mwanamke wa kulala naye tu, ningejua la kufanya. Dada zangu wa kanisani wangekuja, tungepiga kelele, mchungaji angeitwa. Lakini huyu alikuwa anamfundisha. Alikuwa anampa kile alichoninyima mimi, kwa petroli ile ile isiyo ya kuchezea.

Alhamisi iliyofuata, alasiri, alisema anakwenda kuangalia gunia la mahindi upande wa Mponela. Mdogo wangu alikuwa ameniaga mapema, anaumwa kichwa. Nilisubiri gari lipotee, nikasimamisha kabaza, nikapanda nyuma ya ile baiskeli na kumwambia mwenyewe afuate vumbi. Aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado.

Tulipita mashamba ya mahindi, tukapita mabanda ya kukaushia tumbaku, tukaingia njia nyembamba yenye miiba pande zote. Kwenye kona gari letu likatokea mbele yetu, likija upande wetu. Sisi tulikuwa kushoto, kama sheria inavyotaka. Lenyewe lilikuwa kulia kwake, yaani upande ule ule tulioushika sisi, likisugua mlango wa dereva kwenye miiba, polepole, bila wasiwasi wowote, kama vile njia ni yake. Mwenye kabaza alipiga kelele akakata kona, tukaingia kwenye karanga za watu. Gari likayumba, likashuka na gurudumu moja mtaroni, likazimika.

Nyuma ya usukani alikuwa mdogo wangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zake zote nilizishona mimi, kila moja fupi kuliko yangu. Nilisimama kwenye karanga na kiatu kimoja. Nilikuwa nimejiandaa na matusi njia nzima, mazuri, ya Bukavu, na yote yalikuwa ya mwanamke nisiyempenda. Mwenye kabaza alisema, “Pepani, amayi,” yaani pole, mama, akainua baiskeli yake na kusogea pembeni kukagua spoki.

Mume wangu alishuka wa kwanza. Alianza kunieleza habari ya upande wa barabara, maana hofu humfanya mtu aanze na lisilo la muhimu.

“Kule mwenye anaenda, banatembeaka ku mukono ya kuume,” alisema. “Kama kwetu Bukavu. Lazima macho yake izoee.”

“Anaenda wapi?”

Alimtazama mdogo wangu, na kule kutazamana kwao kuliniuma kuliko kama ningewakuta wameshikana. Walikuwa na neno lao, na neno hilo lilikuwa na miezi.

“Yaya,” mdogo wangu alisema, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, “dosye yangu ilitoka. Naenda Kanada.”

Asiyekaa kambini hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Dosye ni faili lako, na faili ndilo maisha. Yangu na mume wangu ilihojiwa zamani, tukapigwa picha, tukaambiwa tusubiri, na watoto wakabadilisha meno wakati tunasubiri. Yake, ya mtu mmoja, ilipita kama sindano nyembamba. Na hapa kwetu anayeondoka hasemi. Anauza vitu vyake kidogo kidogo, anasema amechoka na kabati, anasema godoro lina kunguni, mpaka asubuhi ya basi la uwanja wa ndege ndipo majirani wanajua. Watu huogopa barua zisizo na jina zinazopelekwa ofisi ya wakimbizi kuharibu safari, na huogopa uchawi, na hata waliookoka huogopa. Nililijua hilo. Nimewahi kununua kabati la mtu wa namna hiyo. Sikujua kwamba mimi ni mmoja wa majirani.

“Njo maana sikukuambia,” aliendelea. “Bantu banasemaka wivu inafungaka dosye.”

“Wivu ya nani?”

“Yako, yaya.”

Alisema bila ubaya, kama anavyonitajia kipimo cha mteja. Nilimgeuzia mgongo, na kitu pekee kilichokuwa mbele yangu ni gari. Mume wangu alikuwa ameingia ndani anajaribu kuliwasha. Ufunguo unageuka, taa zinamulika kidogo, zinakufa. Alijaribu tena. Nilimwambia atoke. Nilifungua boneti mwenyewe. Mshtuko wa mtaro ulikuwa umelegeza waya wa betri, nguzo ya hasi, ile ile niliyoisafisha kwa magadi Jumamosi, ikabaki inacheza kama jino la mtoto. Nilikunja kipande cha bati la kopo nilichokiokota njiani, nikakichomeka kati ya nguzo na waya, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikashika. Niligonga zaidi ya ilivyohitajika.

“Washa,” nikasema.

Likawaka. Mume wangu alinitazama kupitia kioo kama mtu aliyekuta mlango ndani ya nyumba yake ambao hakuwahi kuuona. Hapo nikapata ujasiri, nikamwambia lile lililokuwa limenikaa kooni tangu Area 36. Nilimwambia anifundishe na mimi.

“We unaenda wapi?” aliuliza.

Hakunitania. Lilikuwa swali la kweli, la mtu anayehesabu petroli, na alilitamka taratibu. Angeweza kunipiga kofi nikaumia kidogo kuliko hapo.

Mwenye kabaza alinirudisha nyumbani. Sikukubali kupanda gari.

Siku kadhaa tulishona chini ya bati lile bila kusemezana, cherehani zikijibizana badala yetu. Watoto walipeleka ujumbe huku na huku: mwambie mama mdogo anipe mkasi, mwambie mama mkasi huu hapa. Wivu wangu ulikuwa umekuwa mwingi mpaka nikashindwa kuugawa. Nilimwonea wivu kwa Kanada. Nilimwonea wivu mume wangu kwa kujua kabla yangu. Niliionea wivu hata Kanada yenyewe, nchi nisiyoijua, ambayo ingemwona mdogo wangu akizeeka. Kisha Alhamisi ikafika, na nilipoona wanazungukazunguka gari hawajui wafanye nini, nilifungua mlango wa nyuma nikaketi. Nikawaambia kwamba mtu akifundishwa nusu atakufa huko baridini na aibu itanirudia mimi.

Tangu siku hiyo nilikuwa mwalimu wa pili. Kutoka kiti cha nyuma niliona asichoona mume wangu, kwamba mdogo wangu huacha mguu umelala juu ya klachi kama anavyoulaza kwenye kanyagio la cherehani. “Ambreyaji, mama,” nilimwambia kila mara, kwa jina la klachi la kwetu, “toa muguu.” Nilimfundisha kijiti cha oili, maji, betri, jinsi ya kusikiliza injini asubuhi. Nilimpa vyote nilivyovipata kwa wivu. Baadaye tulikuja kusikia kwamba magari mengi ya huko hubadilisha gia yenyewe, na kwamba usukani uko upande wa pili, kwa hiyo klachi yangu iliungua bure. Mume wangu alisema angalau macho yalizoea.

Asubuhi ya safari basi lilisimama karibu na ofisi, na majirani wote wakajua kwa mara moja. Wengine walilia, wengine walisimama mikono kifuani wakitazama mizigo. Nilijua kila mmoja wao anawaza nini. Mdogo wangu alivaa koti nililomshonea, zito, alitoka jasho ndani yake na hakutaka kulivua. Kwetu anayeondoka huombewa na mkubwa wa ukoo, kwa mikono kichwani. Wazazi hawapo. Mkubwa nilikuwa mimi. Alikuja akapiga magoti mbele yangu kwenye vumbi, mbele ya watu wote, yule aliyekuwa akiogopa wivu wangu, akainamisha kichwa.

Niliweka mikono. Kinywa changu kiliomba vizuri, watu wakaitikia amina mara nyingi: Bwana umtangulie, umfikishe salama, umpe watu wema, umpe kazi. Moyoni niliomba lile basi lisiwake. Nilimwomba Mungu kama mtu anayejua injini, nikamtajia na pa kugusa, waya wa betri, au pampu ya mafuta, chochote kidogo, asubuhi hii moja tu. Nilimaliza, nikasema amina, nikamwinua nikamfuta vumbi magotini.

Alipanda, akaketi dirishani. Dereva akageuza ufunguo, na basi likawaka mara ya kwanza.